Kiti cha Achille

"Mama Kaswera, ulimukosea Mungu nini juu akupatie mutoto wa namna hii?"

Jirani yake, Mama Athanasie, alimuuliza Kasoki hivyo siku moja wakitoka misa. Kasoki alimjibu kwamba Mungu ni Baba, hana kisasi na kitoto, akashika njia yake na Achille mgongoni.

Achille alizaliwa wa miezi saba, baba yake akiwa amekwisha kuzikwa. Daktari alieleza kwamba damu ilivuja ndani ya ubongo, kama inavyowapata wengi wanaozaliwa mbele ya wakati. Sasa alikuwa na miaka mitatu. Hakutembea, hakusema neno, na mguu wa kushoto ulikakamaa usiponyooshwa. Fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alimchongea kiti chenye mkanda, na humo aliketi wima, akitazama watu.

Siku wakwe wa Kaswera, binti wa Kasoki, walipokuja kutoka Bukavu kuzungumza mahari, shemeji Sikuli, ndugu wa marehemu mume wa Kasoki na msemaji wa familia, aliagiza kiti kile kifichwe chumba cha nyuma. Wakimwona mtoto, alisema, watadhani ukoo una laana, na ndoa itavunjika. Lakini wageni walipokwisha kuketi, Kasoki alikibeba kiti na mtoto wake, akakiweka katikati ya sebule.

Muzee Cirimwami, baba wa bwana arusi, aliuliza huyu ni nani. Sikuli akacheka kidogo, akasema ni mutoto wa jirani tu.

Siku kama hiyo wanawake hawasemi. Kasoki alisimama.

"Ni wangu. Mimi ndiye nilimuzala. Damu ilimwangika mu kichwa yake akiwa kichanga, hakuna mutu alimuroga. Atachelewa, pengine hatatembea. Lakini kufichwa, hatafichwa mu nyumba ya baba yake. Kama munamuogopa, mashua ya kurudi Bukavu iko."

"Nyamaza, shemeji," alisema Sikuli. "Unamuharibia binti yako ndoa."

"Binti mwenyewe, umuulize."

Kaswera alipaswa kungoja chumbani mpaka aitwe. Alitoka bila kuitwa, na kitenge chake kipya, akaketi chini kando ya kiti, akaanza kuunyoosha mguu wa mdogo wake polepole, kama afanyavyo kila asubuhi.

Muzee Cirimwami akasogeza kiti chake karibu, akauliza kama mtoto anakula sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Anaipenda sana," alisema Kasoki.

Sikuli akachukua kofia yake, akatoka.