Kiwiko cha Mama

Kaka hakuwahi kuchemsha hata yai katika jiko lile, lakini siku fundi alipokuja kupima, kiwiko kilichopimwa kilikuwa cha Kaka.

Fundi mwenyewe walimwita Fundi Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia ilining'inia kiunoni hata alipokuwa anakula. Alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kujenga meza ya jikoni humsimamisha mpishi ukutani, akamkunjisha mkono kama anayekata kitunguu, kisha akapiga mstari wa chaki kiganja kimoja chini ya kiwiko. Hapo ndipo anapojua meza iwe na urefu gani. Sasa asubuhi ile Mama alikuwa ametoka na binti yake wa mwisho, na aliyesimama mbele ya fundi ni Kaka, mrefu kama nguzo ya umeme.

"Pima hapa hapa kwangu, tusipoteze muda," alisema. Chaki ikapita.

Mama alikuwa akimfika Kaka kifuani tu.

Yule binti wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, aliporudi na kuuona ule mstari alicheka. "Shelfu hiyo fundi, mbona umeiweka chini hivyo?"

"Si shelfu, dada. Ni meza."

Kitinda akaacha kucheka.

Kaka akatoa simu, akamwonyesha picha. Jiko la kwenye picha lilikuwa jeupe pe, makabati yamejipanga ukuta mzima, hakuna sufuria, hakuna masizi, hakuna mtu. Dirisha pia hakuna.

"Dirisha letu liko wapi hapa?" Kitinda aliuliza.

"Linazibwa. Makabati yatapita palepale. Taa tunaweka katikati ya dari."

"Taa ikikaa katikati, mtu akisimama mezani anajizibia mwanga mwenyewe. Atakuwa anakata kivuli chake."

"We Kitinda, ujenzi umesomea lini?"

"Sijasomea. Nimekata vitunguu."

Fundi akakohoa ili asicheke. Kaka hakuona cha kuchekesha.

Kitinda angekuwa mtu wa kumwaga yote, angeyamwaga palepale. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kiapo. Mwaka mzima alikuwa akimtazama Mama bila kusema neno. Aliona anavyonusa makopo kabla ya kuyafungua. Aliona anavyoinamisha kichwa upande, kama kuku anayetazama mwewe, ili akione kilichoko mbele ya pua yake. Mama akikaa chini ya lile dirisha, mwanga ukimwagika mezani, alichambua maharagwe na jiwe hata moja halikumponyoka. Akisogea hatua mbili tu, anaanza kupapasa. Daktari alikwisha kusema kwamba macho yale hayatarudi yalikotoka, cha kuomba ni yasiharakishe.

"Kaka yako akijua," Mama alimwambia siku waliyotoka kwa daktari, amemshika mkono kwa nguvu, "kesho yake ananiletea mpishi. Mimi ananikalisha sebuleni kwenye kiti, kama mgeni. Niapie hutasema."

Akaapa. Basi hapo ndipo aliponasa. Akisema, Mama ananyang'anywa jiko. Akinyamaza, Mama anazibiwa dirisha. Kwa vyovyote Mama anakosa.

Tumaini lililobaki ni kwamba Mama mwenyewe atakataa. Mchana ule Kitinda akalitupa neno mbele ya wote. "Mama, Kaka anataka kuziba dirisha."

Mama akatabasamu kuelekea sauti ya mwanawe. "Si anajenga mwanangu? Azibe. Lenyewe linaingiza vumbi tu."

"Umesikia?" Kaka alimwambia mdogo wake.

Kitinda aliuma meno mpaka taya zikamuuma. Kumkasirikia Kaka alikuzoea, ni kama kuamka asubuhi. Hasira ya kumkasirikia Mama ndiyo iliyokuwa mpya kwake, na hakujua aiweke wapi. Alimfuata uani kwenye kamba ya nguo.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini? Nibishane naye juu ya dirisha, aniulize nalitakia nini? Nimjibu nini, mama?" Mama aliendelea kuanua, akizitambua nguo kwa vidole. "Acha. Nitalizoea."

Siku ya tatu meza ilikuwa tayari, na fremu ya dirisha iling'olewa ikaegemezwa uani na nondo zake. Fundi akaanza kupanga tofali. Kila safu ilipopanda, jiko lilizidi kuwa giza, na Kitinda, aliyesimama mlangoni mikono kifuani, alihisi kama anayefunikwa ni yeye. Kufika mchana likabaki tundu la mkono, kisha nalo likajaa. Kaka akawasha taa, akajipongeza.

"Haya. Sasa hili ndilo jiko. Mama, njoo ulizindue."

Mama akaja na sinia la maharagwe. Akalipapasia njia, akalitua juu ya ile meza mpya. Ilibidi anyanyue mabega kama anayesikia baridi, viwiko vikaja karibu na masikio. Taa ilimpiga kisogoni, kivuli chake kikalala juu ya sinia lote. Akaanza kuchambua.

Kitinda alitazama vidole. Vilichukua harage zima, vikalitupa. Vilichukua jingine zima, vikalitupa. Jiwe, dogo jeusi, vikaliacha. Mama aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, kisha akachoka kuinamisha, akamimina yote kwenye sufuria.

Tang', tang', tang', yalilia mawe kwenye bati la sufuria.

Kaka akaangua kicheko. "Mama, leo unatupikia kokoto? Au umeniibia za zege?"

Na Mama naye akacheka. Alicheka kicheko kirefu, cha mtu anayemsaidia mwenzake kumcheka yeye mwenyewe.

Kile kicheko ndicho Kitinda alichoshindwa kukimeza. Alivuka jiko, akaokota nyundo ya fundi iliyolala chini, akaipiga safu ya juu ya tofali kwa nguvu zake zote. Tofali likasogea. Akapiga tena, likaangukia nje, na mwanga ukaingia kama maji.

"Una wazimu?" Kaka alimdaka mkono. "Lete hiyo."

"Niachie."

"Nipe sababu moja. Moja tu, nikuachie."

Kitinda akamtazama Mama. Mama alikuwa amekaza uso, hatikisiki. "Sina sababu ya kukupa," Kitinda alisema. "Umejenga jiko la mtu bila kumuuliza mtu. Umejipima wewe. Ukitoka hapa unakwenda kula kwako, anayebaki kunyanyua mabega ni huyu."

"Mama amekubali mwenyewe."

"Mama angekubali hata ungemzibia mlango."

Fundi akajikuna shingo. "Mimi simo, wakubwa. Ila saruji bado mbichi. Leo tofali linatoka zima. Kesho ni kuvunja."

"Halitoki," alisema Kaka. "Mama, mwambie mwanao."

Mama akaacha sufuria. Akautafuta ukuta kwa mkono, akaufuata taratibu, akiukosa, akiupata, mpaka mkono ukafika penye tundu. Akaugeuza kiganja juu, ukakaa ndani ya mwanga. Akakitazama kiganja chake, kichwa kimeinama upande.

"Toa na ya chini," alisema. "Hapa mwanga haufiki mezani."

Kaka alikuwa ameuona ule mkono ulivyokwenda. Vidole vyake vikalegea kwenye mkono wa Kitinda. "Mama," alisema polepole, "tangu lini?"

"Tangu lini nini? Nimesema ya chini."

Kaka akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukaninyamazia mwaka mzima?"

"Ungemfanya nini ungejua? Sema mbele yake."

Kaka akafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, lilionekana kabisa usoni mwake, pamoja na mpishi na kiti cha sebuleni. Akaufunga.

"Jikoni sitoki," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakukuwa na tabasamu lolote katika sauti yake. "Sikilizeni wote wawili, maana mmenichosha. Wewe unanijengea kama nimekufa, na wewe unanitetea kama mtoto. Fundi, hii meza yako inabomoka?"

"Inabomoka, Mama."

"Basi njoo unipime."

Akasimama ukutani, akakunja mkono wa kukata kitunguu. Fundi akapiga magoti na chaki yake. Kitinda, hasira bado haijamtoka, akaivuta ncha ya futi akamtilia Kaka mkononi.

"Shika hapo chini," alimwambia. "Na usisogee."

Kaka akachuchumaa, akashika.