Bega la Kushoto la Doña Chon

"Sogea kule mbele, Doña Chon. Safu ya wafupi."

Doña Hortensia, mpimaji wa chama cha Bikira, alikuwa bado ameuegemeza ufito wa kupimia kwenye bega la kushoto la Doña Chon. Vidole viwili pungufu. Wanawake waliojipanga barazani pa kanisa wakaangaliana. Machela ya sanamu ya Bikira hubebwa na mabega yanayolingana; moja likipungua, jirani ndiye anayeumia.

"Mfupi nani? Mimi? Huo ufito wako umepinda!"

Jirani mwenyewe alikuwa Tránsito, shoga yake tangu usichana, mfuaji nguo mwenzake hapa mjini Antigua. Kila Ijumaa Kuu walibeba pamoja. Leo amwachie Tránsito abebe na mgeni? Thubutu!

Kosa lilikuwa lake, na alilifanya kwa mapenzi. Mwaka jana aliteleza penye birika la kufulia akavunjika mtulinga wa kushoto. Mfupa uliunga vizuri, lakini kitambaa cha kuning'inizia mkono hakukivua. Alifua kwa mkono mmoja hadi Kwaresima nyingine ikaingia, eti bega la kumbebea Bikira lisichoke.

Mpwa wake Marleny, anayewanyoosha viungo wagonjwa wa zahanati, alilikagua bega akaguna.

"Shangazi, umelitunza hadi limekonda! Msuli ni nyuzi, mafungu kwa mafungu, kama kamba. Usipoupa kazi, nyuzi zinasinyaa."

"Basi nipe dawa."

"Dawa ni nguo chafu za watu. Beba, inua, kamua. Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Ndiyo maana una mwenzake: huu ukivuta, ule unalegea, halafu wanapokezana."

"Kumbe! Kama mimi na Tránsito tukikamua shuka mbichi."

Tangu siku hiyo ndoo ya nguo zilizolowa ilihamia mkono wa kushoto. Alipandisha bega hadi karibu na sikio, akalishusha taratibu. Liliuma hadi machozi yakamtoka. Akalitukana, akapandisha tena.

"Ngoma gani hiyo, shoga?" Tránsito alimcheka kutoka upande wa pili wa birika.

"Ya kukunyima mgeni!"

Bega likaanza kujaa. Marleny alilibonyeza, akatabasamu. Doña Chon akaenda kupimwa tena kifua mbele, ungedhani ufito ni wa kwake.

Doña Hortensia alipima, akarudia kupima. "Kimoja bado, mama. Pole sana. Siwezi."

Doña Chon akauchukua ufito, akaukagua kama kweli umepinda; ulikuwa umenyooka.

Ndipo Tránsito, aliyemsindikiza, akainama akavua viatu vyake, vile vyeusi vyenye kisigino anavyovaa mara moja tu kwa mwaka. "Nipime upya."

"Utapungua uende mbele, Doña Tránsito. Na mawe ya barabarani hayana huruma."

"Si ndiko anakokwenda huyu? Pima, bwana!"

Ufito ukakaa juu ya bega moja, kisha juu ya jingine; yakalingana. Doña Hortensia akawaandika safu moja.

Ijumaa Kuu mti wa machela ulitua mabegani mwao. Doña Chon akausikia msuli wake ukijikaza, ukashika. Barabara nzima ilikuwa imetandikwa zulia la maua ya unga wa mbao uliotiwa rangi, na miguu mitupu ya Tránsito ilikuwa tayari zambarau hadi vifundoni.

"Bega linashika?" Tránsito alinong'ona.

"Linashika. Twende."