Sindano ya Kutuliza

Mzee Wembe alikuwa amefungwa mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda cha hospitali, kwa bendeji. Mkewe alipoingia na chupa ya uji, alimkuta akimbembeleza mteja asiyekuwepo: "Inamisha kichwa, mwanangu, nisije nikakukata."

Kinyozi huyu alinyoa watu ujana na uzee wake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na akili ikafuata mikono. Daktari mmoja aliyewahi kupita pale alimwandikia plasta ya dawa, ya kubandika mgongoni. Hakupona, lakini alirudi kumjua mkewe, hata kumtania kwamba chai yake inahitaji kutafutiwa majani. Baadaye daktari akahamishwa, na dirisha la dawa likasema plasta sasa ni za wodi ya kulipia tu.

"Sista, mbona mmemfunga?"

"Kelele, mama. Tangu asubuhi. Na mimi niko peke yangu wodi nzima." Muuguzi alikuwa tayari ana sindano mkononi. "Hii itamtuliza."

Mke akasita. "Yule daktari alinionya. Alisema kuna sindano mwenye maradhi haya hachomwi, inamkakamaza mwili."

"Inaitwaje?"

Alilitafuta kichwani. Lilikuwa jina refu, nalo lilimponyoka.

"Basi, mama, nifanyeje na jina usilolijua? Daktari wa zamu kaandika hii. Kama hutaki, mchukue mgonjwa wako nyumbani."

Nyumbani. Juma lililopita alimfungia ndani akaenda kushona kwenye cherehani ya watu, akarudi akamkuta barabarani bila suruali, madereva wakimpigia honi. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na yake.

"Mshike mkono," muuguzi akasema. "Wewe anakusikia."

Akamshika. Mzee Wembe akamtazama, akamwita kwa jina la marehemu mama yake.

Kesho yake alimkuta amenyooka kama gogo. Bendeji zilikuwa zimefunguliwa, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Alimtilia uji kijiko kimoja, ukatoka wote pembeni mwa mdomo, ukashuka shingoni. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakimfuata.

Daktari wa zamu alipita na wanafunzi wake, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Huyu ndiye aliyekuwa anasumbua?"

"Ndiye, daktari," muuguzi akajibu.

"Safi. Endeleeni hivyo hivyo."

"Daktari," mke akasema, "hamezi." Lakini kundi lilikwisha fika kitanda cha tatu.

Kwenye kitanda cha jirani, mzee mwingine alikuwa akiita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Bintiye, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alitazama utulivu wa Mzee Wembe kwa wivu.

"Sista, na baba yangu mpeni hiyo hiyo."

Muuguzi akaleta sinia yenye sindano. Mzee wa ng'ombe akaanza kurusha mateke, binti akashindwa kumzuia. Muuguzi akageuka.

"Mama, wewe umeshazoea. Hebu njoo utushikie."