Waliotoka Kunilaki

Sufuria iligonga kioo cha dirisha langu mara ya kwanza, ikagonga tena, na nyuma yake kulikuwa na mwanamume wa koti la bluu anayepiga kelele kwa Kiswahili cha Kongo: "Mama Saady! Fungula dirisha! Fungula!"

Tulikuwa Lancaster, Pennsylvania. Mimi Kuruthumu, muuza vitenge wa Kasulu, nilikuwa peke yangu ndani ya treni ya Wamarekani, begi liko miguuni, na sikuwa namjua binadamu yeyote kati ya bahari na bahari ya nchi ile isipokuwa watu niliokuwa nawafuata. Nikapapasa kutafuta kitasa. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Loo! Dirisha la treni yao halifunguki, jamani, ni kioo kitupu kama cha kabati la vyombo. Nikamwonyesha mlango kwa kidole, naye akaanza kukimbia na sufuria yake, mke wake nyuma na mfuko, na mimi ndani nikikimbia sambamba nao huku nikiomba radhi kwa kila goti nililoligonga.

Tulifikiana mlangoni. Kondakta, mama mmoja wa mwili mkubwa mwenye kofia, alikuwa amenyoosha mkono kutuzuia, lakini sufuria ilishapita chini ya kwapa lake.

"Ni sombe na makayabu," alisema yule mwanamume akihema, yaani kisamvu na samaki wa chumvi. "Mama Chantal alituambia unapita. Mutu wa kwetu apite hapa na njaa? Haiwezekane!"

Akasema anaitwa Constantin, aliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwamba mwaka fulani alinunua kwangu kitenge cha njano cha kumposea huyo mke wake. Sikumkumbuka hata kidogo. Nikamwambia, "Nakukumbuka sana, baba, ulipunguziwa bei," na mke wake akacheka hadi akashika mbavu. Mlango ukafungwa. Sufuria ikabaki kifuani kwangu, ya moto, na behewa zima likaanza kunusa.

Siku hizi nikikaa dukani, hapa Kasulu, vijana wa bodaboda huniuliza, "Mama Saady, Marekani kukoje?" Wanataka niwaambie habari za maghorofa. Mimi nawaambia habari za sufuria. Lakini huwezi kuielewa sufuria bila kumjua Therese.

Therese ndiye Mama Chantal. Tulijuana enzi zile soko la pamoja lilipokuwa limechangamka, upande wa Makere, wenyeji na wakimbizi tukiuziana. Yeye aliuza sabuni na mawese, mimi vitenge, meza zetu zilipakana, na mimba zetu zilikua pamoja. Tulitaniana kuanzia asubuhi hadi jioni: wewe umebeba mtoto, wewe umebeba gunia. Nikajifungua Saady. Wiki iliyofuata Therese akajifungua Chantal, na homa ikamwangusha hata akapelekwa hospitali hajitambui. Mtoto akabaki analia kwenye mikono ya jirani. Basi ningefanya nini? Nilimweka Saady titi la kulia na Chantal la kushoto, nikawanyonyesha hivyo mpaka mama yake alipopata nguvu, na ilichukua miezi.

Kwetu Waislamu maziwa hayachezewi. Mume wangu Athuman alivaa kanzu, akabeba sukari, akaenda kambini kutangaza rasmi kwamba Saady na Chantal ni ndugu, hawawezi kuoana mpaka kiyama. Therese, Mkatoliki asiyekosa misa, alilishika neno hilo kuliko mimi mwenyewe. "Huyu mutoto ana mama wawili," alisema. "Siku ya kuolewa, tutamutoa sisi wote wawili. Bila hivyo hatoki."

Chantal alipofika miaka saba, basi likaja likawachukua kwenda kuanza maisha Marekani. Nililia hadi Athuman akafunga duka. Miaka kumi na saba baadaye Therese akanipigia: Chantal anaolewa Pittsburgh, na kijana anaitwa Serge, na tiketi yangu imeshakatwa. "Nilisema hatoki," akanikumbusha. "Kwa hiyo njoo."

Nilifurahi, nani asingefurahi? Lakini niseme lililo moyoni: sikuogopa ndege kama nilivyomwogopa yule binti. Kwenye simu Chantal alikuwa akinisalimu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu ya adabu, halafu anamrudishia mama yake simu. Mtoto wa miaka saba anakumbuka nini? Nilijiona nimesimama kando ya bibi harusi kama mtu aliyekodiwa kukamilisha picha, naye akiuliza chinichini, huyu ni nani. Therese angeshika mkono mmoja, mimi ningeshika mwingine, na ule wa kwangu ungekuwa mkono wa mgeni. Wazo hilo nilipanda nalo ndege Dar es Salaam, nikabadilisha nalo ndege Doha, nikatua nalo Chicago.

Tiketi ya bei nafuu huzunguka kama mbuzi wa kambani. Chicago walininyang'anya maharage yangu ya Kasulu, zawadi pekee ya maana niliyobeba, eti hayaingii nchini. Nikabaki mikono mitupu, mama wa bibi harusi mzima! Wakanipandisha ndege nyingine hadi Philadelphia, ambayo ilitikisika hewani hadi nikamshika mkono baba mmoja wa Kihindi nisiyemjua, naye kwa hisani yake hakuutoa. Na hapo Philadelphia, Ijumaa asubuhi, ndege yangu ya mwisho, ya kwenda Pittsburgh, ikafutwa. Ilikuwa mwezi wa tatu, na mvua ya barafu ilikuwa imefunga uwanja wa huko. Binti wa kaunta akanipa karatasi ya hoteli na kunionyesha tarehe ya ndege nyingine: Jumapili.

Harusi ilikuwa Jumamosi.

Nikampigia Therese. Alilia kwa sauti ya msibani. Chantal hatoki bila mimi, na ukumbi umelipiwa, na padri amesema saa nne ni saa nne.

"Therese," nikamwambia, "nyamaza kwanza. Nchi kubwa hivi haina reli?"

Nikasikia sauti ya kiume nyuma yake, ndiyo Serge mwenyewe, anasema reli ipo, treni ipo, inatoka saa saba kasoro mchana. Akanikatia tiketi kwa simu hapo hapo. Nikapumua. Treni! Mimi na treni tunajuana. Tangu msichana nimepanda ya Kigoma kwenda Dar kufuata mzigo, nimelala juu ya marobota, nimejifungua mtoto wa pili humo humo karibu na Kaliua. Treni hainitishi hata ikiwa ya Marekani.

Pale stesheni nilijipanga mstari wa mbele kabisa, viwiko nje, tayari kugombania kiti. Mlango ulipofunguliwa nikaingia mbio na kutandaza kanga yangu kwenye viti viwili kabla mtu hajaniwahi. Nikageuka. Watu walikuwa wanaingia taratibu, wanachagua, na nusu ya behewa ilibaki tupu. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufi akaitazama kanga, akanitazama mimi, akaomba kwa ishara kama anaweza kukaa. Nikaikunja kwa aibu, nikampa kiti cha dirishani, kisha nikakumbuka nataka kuona njia, tukabadilishana.

Kumbe Therese, alipokausha machozi, alishika simu na kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi lao la watu waliotoka Nyarugusu. Baadaye nilisikilizishwa. "Dada yangu Kuruthumu anapita na reli, peke yake, hajui lugha. Kila mwenye kukaa karibu na njia anisikie."

Ndilo kosa lililotupata, kama ni kosa. Kwenye reli ya kwetu ndugu yako hapiti stesheni yako hivi hivi. Unamngoja na kuku, na mchele, na asali kama uko Tabora, unampitishia dirishani, mnapeana habari za wagonjwa na waliozaliwa, treni inapiga honi, basi. Watu wale walikuwa wamekaa miaka wakiitazama treni ikipita miji yao, wala hawakuwa na wa kumngojea. Sasa wamepata. Nani angewaambia kwamba hapa haifanyiki?

Harrisburg walikuwa kundi. Esteri, ambaye zamani aliuza samaki upande wa pili wa soko letu, alisimama mbele na wanawake wenzake, wote vitenge juu ya makoti mazito, na treni kabla haijasimama vizuri vigelegele vikaanza. Nikashuka. Ndiyo, nilishuka! Nikapiga cha kwangu, kile cha Kasulu kinachotoka tumboni, watu wa Harrisburg wakageuka na mikoba yao, na polisi mmoja akatusogelea, akatuangalia, akaamua hatuna hatari. Esteri alinibebesha blanketi jipya la bibi harusi, sahani za maua, jogoo wa kukaanga kwenye karatasi, na mfuko wa unga wa muhogo. Mwenzake alikuwa anarekodi kwa simu.

"Umenenepa, Mama Saady!"

"Na wewe umezeeka, mshenzi wewe!"

Tukakumbatiana tukilia na kucheka, na kondakta akanishika begani kunirudisha ndani. Alisema maneno mengi. Niliyoelewa ni "bag" na "no". Nikamjibu, "Yes, thank you," ambayo ndiyo Kiingereza changu chote, nikapanga mizigo hadi juu ya kofia ya bibi wa watu.

Kula peke yako mbele ya mtu ni aibu ambayo sijaifanya na siwezi kuianza ugenini. Nikamwekea yule bibi sombe kwenye kifuniko. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Kisha akasema neno moja refu, na kifuniko kikarudi kwangu kimelambwa. Mvulana mwanafunzi aliyekaa nyuma akanyoosha shingo, nikampa paja la jogoo. Kondakta aliporudi kukagua alikataa kwa mkono, akaenda, akafika mwisho wa behewa, akarudi. Nilimpa kipande cha kifua.

Baada ya hapo milima ikaanza. Treni ilijipinda ubavuni mwa mlima hadi nikaona kichwa chake kwa dirisha langu, na miti bado haina majani, na mabonde yana ukungu kama ya kule Kibondo unapokwenda Kumsenga kwa mama yangu. Nilikuwa nimeshiba, nimezungukwa na zawadi za kuingia nazo kwa fahari. Na ndipo ile hofu ikanirudia. Wote hawa wananijua. Aliyebaki ni mmoja.

Tulisimama kwenye mji mdogo uitwao Johnstown, mwendo wa kama saa mbili kabla ya Pittsburgh. Hapo sikutazamia mtu. Nilikuwa nasinzia mlango wa behewa ulipofunguliwa akaingia msichana mrefu, anahema, kichwa kimoja nywele mbili: upande wa kulia kasukwa vizuri, upande wa kushoto nywele zimesimama wima zinatisha. Nikawaza, maskini, huyu katoroka wapi? Alikuwa anapita kiti kwa kiti anaangalia nyuso. Akafika kwangu, akasimama.

Pua ya Therese. Paji la Therese.

"Nimekuja kukusanganira," alisema.

Hilo si neno la Kiswahili cha shule, wala si la Marekani. Ni la mama yangu, Muha wa Kumsenga. Mgeni wa heshima hangojwi mlangoni, unatoka kumlaki njiani, na kadiri unavyotoka mbali ndivyo unavyompenda.

"Nimeona video ya Esteri," aliendelea, Kiswahili chake kikijikwaa lakini kikisimama. "Nilikuwa saluni. Nikasikia hiyo sauti yako. Mama akasema nikungoje Pittsburgh. Nikasema hapana. Serge amenileta na gari, ni huko nje, anarudi peke yake."

"Neno hilo kakufundisha nani?"

Akanishangaa. "Ni wewe. Ukija kambini siku ya soko nilikuwa nakimbia mpaka kwenye kizuizi, unanibeba, unasema, huyu ndiye anayejua kusanganira watu. Unanipa andazi la moto. Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Miaka kumi na saba nimehuzunika kwamba mtoto atakuwa kasahau, na aliyesahau ni mimi. Furaha ilinijia kwa ghafla hivi hata sikujua niifanyeje, na mimi nikizidiwa hugomba.

"Wewe mtoto una akili?" nilimpigia kelele, behewa zima likageuka. "Bibi harusi! Harusi kesho! Unatembea barabarani na barafu yote hiyo, kichwa wazi, nusu umesukwa nusu kichaka! Ungeanguka je? Ungevunjika mguu? Mama yako kakuachaje? Na huyo Serge, hana wazazi? Ngoja nimfikie!"

Alianza kucheka. Kadiri nilivyogomba ndivyo alivyocheka, machozi yanamtoka, hadi yule bibi wa kofia ya sufi akainuka mwenyewe, akabeba blanketi na sahani zangu, akahamia kiti cha ng'ambo kumpisha. Chantal akaketi. Alinukia mafuta ya nywele na baridi. Akataka kunikumbatia, nikamzuia kwa kiganja, nikachokora mkoba mpaka nikapata kitana.

"Utakumbatia baadaye," nilimwambia. "Geuka huku. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Treni ikaondoka, na upande wa kushoto ulikuwa bado wote wa kusukwa.