Upande wa Ndani wa Makochi

Msomi alipofungua mlango wa karakana ya marehemu mdogo wake, nia yake ilikuwa moja tu: amalize kochi la mwenye saluni, limrudie mwenyewe, afunge mlango, arudi ofisini. Msimcheke. Kila mtu aliyewahi kunasa alianza kwa kusema "mara hii tu."

Jina la Msomi alipewa na baba yao, siku binti aliposoma kibao cha duka la dawa kabla hata hajaanza shule. Mdogo wake, yeye aliitwa Fundi tangu yuko mgongoni, hajashika hata kijiko. Baba alikuwa mtengeneza makochi, na alipenda kila kitu kikae mahali pake, watoto wakiwemo. "Mmoja kichwa, mmoja mikono," alikuwa akiwaambia wageni, na wageni walicheka, kwa sababu wageni hucheka. Basi kichwa kikasomeshwa mpaka vyeti vikakosa ukuta. Mikono ikatolewa shule mapema, ikapewa nyundo. Baba alipofariki, Fundi akairithi karakana, chumba kirefu kilichoungana ukuta na chumba cha mama. Sasa Fundi naye ameondoka, kwa homa ya siku chache, hana hata mvi moja.

Msomi alifanya kazi kampuni ya bima, idara ya malalamiko. Alivaa vitu vya kusikilizia masikioni asubuhi, akavivua jioni, na katikati alisema, "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Aliisema sentensi hiyo mara nyingi mno, hata siku moja mtu alimkanyaga mguu kwenye foleni, na yeye aliyekanyagwa ndiye akasikitika kwa usumbufu. Hakuna aliyemwonea kazini. Mshahara uliingia. Ila kila Jumapili, jua likianza kuegemea, tumbo lilimkaza, naye aliamini matumbo ya watu wote hukaza hivyohivyo. Kazi ingekuwa tamu, baba alikuwa akisema, isingeitwa kazi.

Baada ya maziko mwenye saluni alikuja, akasimama mlangoni akisokota mkanda wa mkoba wake. "Pole sana, dada yangu. Sitaki nionekane sina utu. Lakini wateja wangu wanakaa kwenye ndoo." Msomi akaomba likizo.

Utotoni alikaa sana kwenye mlango ule na kitabu mapajani, macho yakiwa kwa baba. Kumbe alikuwa akiiba ujuzi bila kujua. Alijua kwamba mkanda wa chini ya kiti huvutwa mpaka ukakaza kama ngozi ya ngoma, kisha unashikwa kwa misumari mitatu, si miwili. Alijua sponji hukatwa ikizidi mbao kidogo ili ijaze kitambaa. Asichokijua ni kona. Alikunja kitambaa kwenye kona ya kwanza, kikatokeza uvimbe. Akakitoa, akakunja tena. Akakitoa. Alipokuja kuinua kichwa, mwanga wa mlangoni ulikuwa umehama kutoka ukuta huu hadi ule, chai yake ilikuwa baridi na nzi yumo ndani, na kona ilikuwa imelala vizuri. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, nywele zinanuka gundi, naye alikuwa na furaha. Nalisema hivyohivyo, bila kulipamba. Mdogo wake hata udongo wa kaburi lake haujashikana, na yeye amesimama mahali pake ana furaha kuliko alivyowahi kuwa maishani.

Kufa kufaana. Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, kwa sauti, na sauti ikamrudia kutoka kwenye mbao.

Kochi la saluni likaondoka, likaja jingine. Likizo ikaisha, akaomba nyingine isiyo na malipo. Karakana ilikuwa bado imejaa Fundi. Aproni yake ilining'inia kwenye msumari, imetuna tumboni kana kwamba mwenyewe yumo. Mpini wa nyundo yake ulikuwa umelika pale kinapokaa kidole gumba, na kidole cha Msomi kiliingia humo barabara. "Naazima tu, Fundi," alikuwa akisema kila asubuhi akiishika. Mara nyingi, akiwa ameinama kazini, alihisi mtu amesimama mlangoni nyuma yake. Si kuingia, si kuondoka, amesimama tu. Akigeuka, hakuna kitu. Msomi hakuwa mtu wa mizimu, bima haina fomu yake. Lakini alianza kufanya kazi ubavuubavu, ili jicho moja libaki mlangoni.

Ndipo makochi ya Fundi mwenyewe yakaanza kurudi, kama makochi yanavyorudi, springi zimechoka au watoto wamerukaruka. La kwanza lilikuwa zuri sana kwa nje. Msomi alilipindua, akachana kitambaa cha chini, akatazama ndani.

Mikanda ilikuwa imelegea tangu siku ya kwanza, kila mmoja umeshikwa kwa msumari mmoja. Sponji ilikuwa vipande vya masalio vilivyoshindiliwa. Huo ungekuwa uvivu tu, na mafundi wavivu hawakuanza jana. Lakini kwenye ubao wa katikati, mahali ambapo hapapigwi msumari wowote, palikuwa na alama za nyundo. Mviringo juu ya mviringo, nyingi, mahali palepale pamoja, mpaka ubao ulikuwa umebonyea na nyuzi zake zimechanika. Mkono uliokosea hukosea karibu na msumari. Huu haukukosea. Mtu alikuwa ameshika nyundo akapiga mbao kwa ajili ya kupiga.

Kochi la pili lilikuwa nazo. La tatu pia, na kiti cha daktari wa meno, na kigoda cha miguu ambacho hata mtoto angekimaliza kwa nusu siku. Vyote vimevaa vizuri kwa nje, vyote vimepigwa kwa ndani. Msomi alikaa sakafuni katikati yao. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na hapa makovu yalikuwa yameshonewa kitambaa cha maua. Akamkumbuka Fundi mdogo akijificha chini ya meza na kitabu chake cha jiografia, akimchorea dada yake ramani za shule kwa penseli, mito na milima yote, na dada akizipeleka darasani na kusifiwa. Mwalimu alimwita Msomi mbele ya darasa. Aliyechora alikuwa nyumbani akisukuma sponji.

Upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa na lake. Kila mtu aliyekuja kumpa pole, mama alimwambia maneno yaleyale: "Angalau mwanangu alikufa akifanya alichokipenda." Alikuwa ameyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Na alitaka Msomi atoke karakana.

"Una ofisi," alisema wakila. "Una kiti chenye magurudumu. Unanukaje gundi namna hii, mtoto wa shule zote zile?"

"Kazi ya mikono si aibu, mama."

"Sijasema aibu. Nimesema si yako. Ile ilikuwa furaha ya mwenzio. Muachie."

Karakana ilikuwa mali ya mama, na mama hakuwa mtu wa kubishana na hewa. Alikuwa ameshazungumza na fundi seremala wa mtaa wa pili: aje Jumamosi, achukue vifaa vyote na kukodi chumba. Ofisini nako walikuwa wamepiga simu. Msomi arudi Jumatatu, la sivyo kiti chenye magurudumu kitapata mwenyewe mwingine. Aliyepiga alimaliza kwa kusema wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Kwa hiyo Msomi alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na neno lenyewe lilikuwa kisu. Angeweza kumwambia mama: haikuwa furaha yake. Aliichukia. Njoo uone. Angebaki na karakana, na mama angebaki na nini? Alilizungusha jambo hilo Alhamisi nzima huku akikata kitambaa, na aibu yake kubwa ni kwamba hata hivyo alifurahia kukata. Mkasi ulipita vizuri. Alikuwa akiimba, akajikuta akiimba, akanyamaza.

Ijumaa mchana alikibeba kile kigoda cha miguu, kimevuliwa nguo zote, akaingia nacho chumbani kwa mama. Mama alikuwa amekaa kitandani karibu na ukuta, akikunja shuka. Alimtazama binti yake, akakitazama kigoda. Msomi alifungua mdomo. Aliona mikono ya mama, mishipa yake, jinsi ilivyokuwa ikilainisha shuka ambalo lilikuwa tayari limenyooka. Akakiweka kigoda chini, upande uliopigwa ukielekea sakafuni.

"Nilikuja kukwambia nitarudi ofisini," alisema. "Jumatatu. Seremala aje tu."

"Na hicho?"

"Si kitu, mama. Kibovu tu."

"Kigeuze."

"Mama..."

"Nimekwambia kigeuze, Msomi."

Akakigeuza. Mama aliinama, akaweka kidole kwenye ubao, akakipitisha polepole juu ya mabonde yale, moja hadi jingine. Hakuonyesha kushangaa.

"Hizi nilizisikia," alisema. "Asubuhi, kabla hajaanza kazi. Msumari una sauti yake, unalia kisha unazama. Hizi hazikuwa na msumari. Ukuta wenyewe huu, ukipiga chafya kule mimi nakuombea uzima huku."

Msomi akakaa chini sakafuni.

"Alikuwa akisimama kwanza mlangoni," mama akaendelea. "Anatoa ufunguo, anasimama. Muda mrefu tu. Nahesabu mishono yangu, bado amesimama. Kisha anaingia, anapiga, ananyamaza, anaanza kazi. Siku moja, ana ndevu tayari, alinijia hapa hapa ulipo. Akasema, mama, nisemee kwa baba niache, nikasome hata shule ya jioni. Nikamwambia ngoja mgongo wa baba yako upone. Mgongo ukapona. Nikamwambia ngoja kidogo. Hakuniomba tena."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua." Mama aliondoa mkono kwenye ubao. "Unafikiri nakutoa humo kwa sababu gani? Eti namtunzia marehemu nafasi? Mwanangu, mimi nilijipa moyo kwamba ndivyo kazi zilivyo. Baba yako hakuimba, Fundi hakuimba, mimi nani nimwonee mmoja huruma. Ukaja wewe. Ukicheka kule ndani, namsikia yeye hacheki. Ukiimba, naisikia miaka yake yote. Siwezi kukaa na ukuta huu."

Msomi alilia, na alisema jambo ambalo alilimaanisha kabisa: kwamba ataondoka, kweli ataondoka, hataki karakana kwa bei hiyo. Mama alimwacha alie. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza mahali panapouma:

"Unaipenda?"

Angeweza kudanganya. Kazi ya kusema maneno matupu kwa sauti laini alikuwa ameifanya vya kutosha. "Naipenda, mama," alisema, na ilikuwa kama kukiri wizi.

Mama alitikisa kichwa kwa muda. "Basi tuliwavisha kila mmoja nguo za mwenzake," alisema. "Na mmoja tumemzika nazo." Akaokota shuka, akaanza kulikunja upya. "Nitamwambia seremala asije. Jumatatu ufungue. Na uimbe."

"Mama, siwezi."

"Utaimba. Nataka nijue nilimnyima nini."

Jumatatu Msomi alifungua. Kulikuwa na kiti cha mikono cha kinyozi, kimepasuka mgongo. Alivuta mkanda wa kwanza, akaukaza, akajaza misumari mdomoni, kwa sababu mwenye misumari mdomoni haombwi wimbo. Akapiga wa kwanza. Akapiga wa pili. Karakana ilikuwa tulivu, na ng'ambo ya ukuta kitanda kililia kidogo, kama mtu amesogea karibu.

"Sikusikii," mama akasema kule.

Msomi akaitema misumari kwenye kiganja. Akaanza wimbo wowote, wa kwanza uliomjia, sauti imekwaruza na pumzi haitoshi. Aliimba huku machozi yakidondokea mkanda, akapiga msumari wa tatu, wa kumalizia. Ng'ambo ya ukuta mama alikuwa ameanza kulia, naye alimsikia wazi, kila kwikwi, akataka kunyamaza. Lakini mkanda ulikuwa umekaa vizuri, umenyooka, na mikono yake, isiyo na haya hata kidogo, ilikuwa tayari imeanza kufurahi.