Tovuti Inayofungwa Saa Kumi na Mbili

Maxine Akello alikuwa ametengenezea wafanyabiashara wadogo wa Kericho tovuti kumi na nne, na karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: hazibadiliki. Bei za mwaka juzi zilikuwa zimekaa pale pale, na matangazo ya Krismasi yalisomeka hadi Agosti. Ndiyo maana alimpenda sana Mama Phyllis, muuza miche wa Chepseon. Huyu alijifunza kwa alasiri moja tu: mahali pa kuingilia, mahali pa kuandika, mahali pa kufuta. Yote akayanakili kwenye daftari.

Jumanne jioni Maxine alifungua tovuti hiyo amwonyeshe mteja mpya, fundi wa viti aitwaye Ratemo. Ukurasa ulikuwa mweupe pe. Katikati palikuwa na maneno matatu tu: TUMEFUNGA. KWENDENI NYUMBANI.

Ratemo akamgeukia. "Na yangu itakuwa hivi?"

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi, ila kwa maneno mapya. "Avokado ziko sawa. Pasheni zimechoka kidogo, ngojeni wiki ijayo." Jioni, saa kumi na mbili kamili, zikapotea tena. Maxine akabadilisha nenosiri, akamtumia Mama Phyllis jipya. Kesho yake, saa ile ile, ukurasa mweupe. Akaamua kwamba huyu ni mwizi, tena mwizi anayeheshimu saa.

Ijumaa alifunga safari hadi Chepseon. Alimkuta Mama Phyllis ameketi katikati ya miche, miwani puani, simu mkononi.

"Chamgei, mama," Maxine alimsalimu kwa Kikalenjin. "Nimekuja kwa sababu kuna mtu anaingia kwenye tovuti yako anafuta kila kitu."

"Nani huyo?" Mama Phyllis aliuliza kwa wasiwasi, kisha akatazama saa. "Ngoja kwanza nifunge, halafu uniambie vizuri."

Kidole chake kikaanza kazi. Avokado zikaenda. Pasheni zikaenda.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunga. Kwani wewe ukitoka ofisi unaacha mlango wazi?"

"Na asubuhi?"

"Asubuhi natoa tena. Ni dakika arobaini tu, yote iko kwa daftari."

Maxine alishikwa na kicheko, kikafuatwa na aibu. Alikuwa amemfundisha mama wa watu kufuta, lakini hakuwahi kumwambia kwamba tovuti hukaa peke yake. Akamweleza taratibu: tovuti haina mlango. Mwalimu kule Kabianga, kwa mfano, akimaliza kazi zake usiku anaweza kusoma na kuagiza, na mama akajibu asubuhi.

"Usiku wote iko wazi, na hakuna mtu?"

"Hakuna cha kuibiwa, mama. Ni maneno na picha."

"Picha ya miche *yangu*."

"Basi weka mlinzi," Maxine akatania.

Mama Phyllis hakutania. Alimwita mumewe, Mzee Kipkoech, aliyekuwa akitoka kukamua. Akavishwa koti zito, akapewa rungu na tochi, akaambiwa aiwashe ingawa jua lilikuwa bado lipo. Akapigwa picha bila kuelezwa chochote. Mama Phyllis mwenyewe akairudisha miche yote, akaipandisha picha ya mumewe juu kabisa, na chini yake akaandika: "Mlinzi yuko macho. Soma, usiguse."

Wiki iliyofuata maagizo manne yaliingia baada ya giza. Mteja mmoja wa Kipkelion aliandika kwa adabu: "Nimesoma tu, sijagusa chochote. Naomba miche mia mbili ya avokado."

Aliyelalamika ni Mzee Kipkoech. Yeye ni mzee wa kanisa, na Jumapili ile waumini walikuwa wamemwona kwenye simu zao akiwa kazini na rungu. Mchungaji mwenyewe alimuuliza kama nyumbani mambo ni mazuri.

Tangu hapo, kila Jumamosi jioni Mama Phyllis humtoa mumewe kwenye tovuti, bila kumuuliza Maxine lolote, na kuandika: "Kesho mlinzi ako kanisani Tafadhali mjichunge."

Maxine alilisoma tangazo hilo Jumapili moja akiwa kwa mamake, akaongeza nukta iliyokosekana baada ya "kanisani", akaacha mengine vile vile. Jumatatu asubuhi simu yake ililia.

"Maxine," Mama Phyllis alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu aliingia wakati mzee alikuwa kanisani. Ameacha nukta."