Ribiti Zilizolala

Mume wangu alikuwa anajenga ndege kwenye gereji yetu. Watu wakimwuliza kwa nini, anasema foleni zimemchosha.

Mimi nilikuwa mkono wake wa ndani. Bawa ni sanduku jembamba la bati lenye mbavu, na kule mwisho linakobana mkono wa mwanamume haupiti. Yeye yuko nje na nyundo ya upepo, anapiga kichwa cha ribiti, kijisumari cha kuunganishia bati; mimi nimekinga chuma kwa ndani ili mkia wake upondeke, ushike. Hatuonani. Kabla ya kupiga anauliza, "Upo?" Namjibu, "Nipo." Ikikaa vizuri nagonga bati mara moja. Ikilala upande nagonga mara mbili, anaitoa, tunarudia. Jamani, sisi tuliokuwa tunagombana hata juu ya chumvi, kwenye lile bati tulisikilizana.

Alipofariki, binti yetu akasema bawa atalimalizia yeye, na ndege atairusha yeye. Ni rubani, na ubishi ni wa baba yake. Basi nikavua pete, nikatafuta chuma changu. Nikakikuta kimefungwa kwa utepe kwenye kijiti. Nikashangaa, nikakifungua, nikaingiza mkono kwenye tundu la bawa.

Kwanza nikapapasa ribiti za nyuma. Moja imelala. Ya pili nayo. Mstari mzima hoi, kama walevi. Nikawaka: fundi uchwara gani huyu kapita humu? Halafu nikakumbuka kijiti.

Dada yangu alipojifungua, nilitaka tumalize mstari ule kwanza ndipo niende. Mume wangu akanifukuza kwa upole: mzazi hasubiri, bawa litasubiri. Niliporudi nikakuta mstari umeshapigwa wote. Nikamtania kwamba siku hizi hanihitaji, akacheka tu. Kumbe mkono ulishaanza kumtetemeka, na alijua nikishika chuma upande wa pili nitausikia. Akapiga peke yake, kwa kijiti, asiweze hata kufikisha kidole kuzikagua, bila mtu wa kumwambia nipo.

Mbishi wewe. Nani alikwambia nataka kufichwa? Ningekuuguza mapema. Ningekaa na wewe.

Nikagonga mara mbili.

Binti yangu akasema kutoka nje, "Mama, hizo ni za baba. Ni za mwisho. Tuziache."

Mimi nilitaka kuziacha kuliko yeye. Lakini atakayekaa angani juu ya bawa hili ni mwanangu, na wa kuzika nimeshazika. Nikagonga tena mara mbili.

Akachukua drili. Nilimsikia analia kupitia bati. Alivyozitoboa vichwa, mikia ikawa inadondoka kiganjani mwangu, moja baada ya nyingine, midogo kama punje za mtama, bado ina joto la drili. Nikafumba mkono.

Alipomaliza, akaweka ribiti mpya. Hakuna aliyemfundisha neno lile. Alikua akilisikia kutoka jikoni.

"Upo?"

Chuma kilikuwa pembeni ya vidole vyangu, na cha kukishikia sina. Nikauvuta mkono niutoe, ngumi ikakwama tunduni. Nilichotakiwa ni kuufumbua tu, nikashindwa.

"Ngoja kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Mkono umejaa."